Mjomba, CD4 38, na swali la nani hasa alizimaliza zile seli

Mjomba alinikabidhi lile karatasi la majibu huku anaangalia pembeni, vile mtu anavyokukabidhi noti iliyochanika. CD4 38. Ilikuwa 2020, Mwanza, tuko nje ya kliniki chini ya mwembe, yeye kakonda mpaka shati linamning'inia, kikohozi kina mwezi wa pili, na biashara yake ya dagaa pale Kirumba kamwachia mke. Mimi kazi yangu ni maabara, si daktari, na wala si maabara ya hiyo kliniki, ila kwenye ukoo wetu ukishavaa koti jeupe, hata liwe la kuuzia nyama, watu wanakuletea majibu uwasomee.

Kwa asiyezijua hizo namba: CD4 ni seli za damu zinazoongoza kinga ya mwili, na mtu mzima asiye na VVU anakuwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi kwenye maikrolita moja ya damu, yaani kitone ambacho hata macho yanakitafuta. Chini ya 200 hapo ni hatari. 38 ni kama kijiji kilichobaki na mzee mmoja na mbuzi. Wakampima kifua kikuu wakakikuta, wakampima na ile antijeni ya fangasi wa ubongo haikuwepo, Mungu mkubwa, akaanza dawa za TB, wiki mbili baadaye akaanzishwa TLD, dawa ya VVU, kile kidonge kimoja kwa siku.

Miezi sita mbele, wingi wa virusi ukasoma havionekani. Nyumbani tukachinja kuku. CD4 ikaja 97. Mwaka wa pili 171. Mwaka wa nne, dawa hajakosa hata siku moja, virusi bado havionekani, CD4 214. Ndo siku hiyo akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, hebu niambie kitu. Wadudu mlisema hawaonekani, si ndiyo? Sasa nani anakula CD4 zangu?"

Nikamjibu lile jibu tunalowapa wote. Kwamba virusi viliingia kwenye CD4, vikazaliana humo ndani, seli ikachoka ikafa, vikahamia nyingine, na kwamba zinarudi taratibu, vuta subira. Akasema haya, akakata simu. Mimi sasa ndo nikabaki sina raha, kwa sababu nilijua kuna hesabu pale haikai, nilishawahi kuisoma nikaipita tu kwa vile haikuwa kwenye mtihani.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka 1986, maabara ya Robert Gallo huko Marekani walichukua damu na tezi za limfu za watu wenye VVU wakatafuta seli zinazotengeneza kirusi kwa wakati ule. Wakapata kama seli moja kwa kila 10,000 mpaka moja kwa kila 100,000. Moja! Vipimo vya baadaye vyenye macho makali zaidi vilikuta seli nyingi kuliko hizo zimebeba vinasaba vya kirusi, ila bado ni wachache kwa wengi, na huku CD4 za mtu zinaporomoka mpaka 38. Ni sawa na kukuta ghala zima la mchele limeisha halafu unamkamata panya mmoja. Huyo panya ana makosa ndiyo, ila ghala lote hakulila yeye.

1995 Terri Finkel na wenzake wakaangalia tezi za watoto wenye VVU na za nyani wenye SIV, kirusi ndugu ya VVU, wakakuta seli zinazokufa kwa wingi siyo zile zenye virusi vinavyozaliana, ni majirani zake. Yaani kiwanda cha virusi kinasimama hapa kinafanya kazi yake, na wanaodondoka ni waliokaa pembeni. Kwa miaka mingi wakaitwa hivyo hivyo, majirani wasio na hatia, na nadharia zikawa kila mtu na yake, mara ni sumu ya protini za kirusi, mara ni uchovu wa kinga yenyewe.

Sasa kabla sijafika kwenye enzaimu, ile nyama ya kisa, kuna jambo moja la mahali. Sisi maabara tunashika damu kwa sababu damu ndo rahisi: unamchoma mtu kidole, unaweka kwenye kikatriji cha PIMA, ile mashine ndogo ya kuhesabu CD4, dakika 20 namba inatoka. Ila kwenye damu kuna kama asilimia 2 tu ya hizi seli za limfu za mwili mzima. Zilizobaki ziko kwenye tezi, kwenye wengu, kwenye mafindofindo, na nyingi mno kwenye utumbo. Vita viko huko, sisi kwenye damu tunahesabu wanaopita barabarani.

Ndo maana kundi la Warner Greene kule taasisi ya Gladstone, San Francisco, likachukua mafindofindo. Yale yale ambayo watoto wanatolewa hospitali kwa kuugua koo kila mara. Ukiyasaga taratibu yakawa seli moja moja unapata mchanganyiko karibu sawa na wa tezi: CD4, na seli nyingine za kinga kama CD8 na seli B, zote zinaishi pamoja kwenye sahani bila kuchokozwa kwa kemikali. Gilad Doitsh, ambaye ndo aliyeongoza hiyo kazi, na wenzake wakaweka VVU humo, wakasubiri siku chache, wakahesabu. CD4 zilikuwa zimeteketea. CD8 na seli B zipo. Na zile CD4 zilizokufa, nyingi hazikuwa zinatengeneza kirusi hata kidogo.

Hapa ndo walifanya kitu ambacho nakikubali sana kama mtu wa maabara, maana hakikuhitaji mashine ya mabilioni. Walichukua dawa zenyewe za ARV kama vizuizi vya barabarani, kila moja inafunga njia sehemu yake. Weka dawa inayozuia kirusi kuingia, majirani hawafi. Weka efavirenz, inayozuia kirusi kunakili vinasaba vyake, RNA, kuwa DNA, hawafi. Weka raltegravir, inayozuia ile DNA kujibandika kwenye DNA ya seli, wanakufa kama kawaida! Kwa hiyo kinachoua kinatokea baada ya kirusi kuingia na kuanza kunakili, kabla hakijajibandika. Majirani wasio na hatia? Kumbe walikuwa wameshaingiliwa. Kirusi kiliingia ndani, kikaanza kazi, kikakwama njiani. Hiyo ilitoka 2010.

Kwa nini kikwame? Kwa sababu nyingi ya CD4 za mwilini zimelala. Haziumwi, zinasubiri tu siku ya kuitwa, na seli iliyolala haina haja ya kuwa na matofali ya kujengea DNA. Kuna enzaimu humo inaitwa SAMHD1, ilijulikana 2011 kwenye seli nyingine za kinga na 2012 ikathibitishwa kwenye CD4 zilizolala, kazi yake ni kuvunjavunja hayo matofali yasikae bure. Kirusi kinaingia na fundi wake, ile enzaimu ya kunakili, riversi transkriptezi, fundi anaanza kupanga ukuta, kozi mbili tatu, matofali yameisha. Vinabaki vipande vya DNA vimetapakaa ndani ya seli sehemu ambayo DNA haitakiwi kuonekana kabisa.

Na seli yoyote ya binadamu ikiona DNA nje ya kiini chake inajua hapa pana mgeni.

Twende sasa kwenye enzaimu yenyewe, kaspesi-1. Ukisikia enzaimu (vimeng'enya kama tulivyokariri sekondari) wengi tunawaza za kumeng'enya ugali tumboni, ila ndani ya seli enzaimu nyingi kazi yake ni kupeleka ujumbe, na njia mojawapo ya kupeleka ujumbe ni kukata. Unakata protini moja mahali maalumu, kile kipande kilichokatwa kinaamka na kufanya kitu ambacho kikiwa kizima kilikuwa hakiwezi. Kaspesi-1 ni kisu cha namna hiyo. Inakaa imelala, butu, moja huku nyingine kule. Ikitokea hatari, protini zinazonusa hatari zinajikusanya zikatengeneza jukwaa, kundi la Jürg Tschopp kule Uswisi 2002 walilipa jina inflamasomu, na kazi kubwa ya lile jukwaa ni kuzisogeza hizo kaspesi karibu karibu. Basi. Zikibanana zinanoana zenyewe.

Ikishapata makali inakata vitu viwili ambavyo kwa mjomba ndo vya maana. Cha kwanza ni intalukini-1 beta, ujumbe wa homa na uvimbe, ambayo inakaa ndani ya seli ikiwa na kifuniko, kaspesi inakitoa kifuniko. Cha pili ni protini inaitwa gasdemini D, na hii ilifichuka 2015 kwa makundi mawili kwa wakati mmoja, moja la China na jingine la Marekani. Gasdemini ikikatwa, nusu yake ya mbele inakimbilia kwenye ngozi ya seli, inaungana na wenzake kwenye duara, duara linatoboa tundu. Tundu moja, matundu mia. Maji yanaingia, seli inavimba kama andazi kwenye mafuta, halafu inapasuka na kumwaga kila kilichomo, ile intalukini ikiwemo.

Kifo hiki kinaitwa piroptosisi, kwa Kigiriki humo ndani kuna neno moto, na kina tofauti kubwa na kile kifo cha kistaarabu, apoptosisi, ambacho seli inajikunja, inajifunga vifurushi vidogo, wazoaji wanapita wanabeba, hakuna jirani anayeshtuka. Kundi la Greene lilirudi 2014 likaonyesha kwamba kwenye sahani zao zaidi ya asilimia 95 ya CD4 zilizokufa zilipita njia ya kaspesi-1, ile ya moto. Zile chache zenye kiwanda cha virusi kweli, chini ya asilimia 5, ndo zilikufa kistaarabu kwa enzaimu nyingine, kaspesi-3.

Nilipomsimulia mjomba hili, na nilienda mwenyewe safari hii, si mambo ya simu, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anachambua dagaa, anatoa vijiti na kokoto. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yaani mtu kaona mwizi dirishani, akaamua achome nyumba yake mwenyewe."

Nikamwambia ndiyo, mjomba, tena ule moshi ndo unaita watu. Maana intalukini iliyomwagika inasema huku kuna hatari njooni, CD4 nyingine zinakuja mbio kwenye tezi, na zikifika zinakuta kirusi kinasubiri, nazo zinaingiliwa, nazo zinachoma nyumba. Kwa seli moja moja ni ujasiri wa kweli, bora nife kabla sijafanywa kiwanda. Huko gizani mageuzi ya viumbe yalipopanga haya, yalipanga kwa ajili ya bakteria kama salmonela wanaoingia na kuisha, wiki moja mbili moto umezimika. Hayakumpangia mgeni anayekaa miaka kumi akigonga kila dirisha.

Akauliza, na hapa ndo nikajua mjomba angesoma angefika mbali, "Sasa nani anayemwambia mwenye nyumba kwamba huyu ni mwizi?"

Hilo ndo swali ambalo wataalamu wenyewe wamepishana, na mimi nina upande wangu, nitausema.

Jibu la kwanza lilitoka San Francisco hiyo hiyo 2014: protini inaitwa IFI16 ndo inavigusa vile vipande vya DNA vilivyokwama halafu inaita jukwaa. Wakiipunguza IFI16 kwenye seli za mafindofindo, vifo vinapungua. Na inakubaliana na ile habari ya efavirenz, hakuna kunakili hakuna vipande, hakuna vipande hakuna kengele. Safi kabisa.

Jibu la pili lilianzia kusikotarajiwa. Kirusi cha UKIMWI kinasafiri na mkasi wake, enzaimu inaitwa protiezi. Protini za kirusi zinatengenezwa zikiwa mkufu mmoja mrefu, mkasi unakata mkufu vipande vipande ndo kirusi kinakomaa. Lopinavir na atazanavir tunazowapa watu wa laini ya pili, ambao dawa za kwanza zimewashinda, zinabana huo mkasi. Sasa ndani ya CD4 zetu kuna protini nyingine inaitwa CARD8, na ukiitazama kwa karibu ni mtego wa ajabu. Ina vipande viwili vilivyokwisha kutengana toka zamani lakini vimeshikana tu, kama kikombe kilichopasuka ambacho hakijaguswa. Kipande cha mbele kina mkia, na kwenye huo mkia kuna herufi za protini ambazo mkasi wa VVU unazipenda. Mkasi unakata mkia. Seli inaona kitu kimechanika, inaita mashine yake ya taka, protiasomu, imeze kile kilichoharibika, protiasomu inavuta kuanzia pale palipokatwa, inameza, inameza, inafika kwenye ule ufa wa zamani, na hapo kipande cha nyuma kinachomoka kikiwa huru. Hicho cha nyuma ndo kengele. Kinajikusanya na wenzake, kinavuta kaspesi-1, mengine unayajua.

Angalia hapo: CARD8 haimtafuti kirusi kwa sura yake. Imeweka chambo, inasubiri kirusi kitumie mkasi wake chenyewe. Kirusi kinaweza kubadili koti kila wiki, na VVU kwa kubadili koti hakuna mfano wake, ila mkasi hakiwezi kuuacha nyumbani.

Kundi la Liang Shan kule St. Louis, Marekani, ndo walionyesha hii 2021, na mwanzoni ilikuwa habari ya seli zilizokwisha kuwa viwanda. Humo mkasi unakuwa haujaanza kazi mpaka kirusi kitoke nje, kwa hiyo CARD8 haioni kitu. Wakaweka efavirenz, si unaikumbuka ile ya zamani ya usiku, watu walikuwa wanaota wanakimbizwa na ng'ombe, wakakuta ina tabia ya pembeni ambayo hakuna aliyeipanga: inabananisha zile protini za kirusi mikasi ikaamka mapema ikiwa bado ndani ya seli, CARD8 ikashtuka, kiwanda kikalipuka. Kwenye sahani lakini, na kwa viwango ambavyo damu ya mtu haivifikii kirahisi, maana protini za damu zinaikamata dawa. Asitokee mtu akarudi kwenye TLE, kile kidonge cha zamani chenye efavirenz, kwa ajili ya hili.

Halafu 2024 wakaja na lile lililonikalisha chini. Kirusi kinapoingia kwenye seli mpya kinakuja na mikasi iliyokomaa tayari, imefungwa ndani ya mzigo. Mzigo ukifunguliwa tu, kabla hata fundi hajapanga tofali la kwanza, mikasi inakata CARD8 na seli iliyolala inalipuka. Seli iliyoamshwa, iliyo kazini, CARD8 yake inakuwa imezimwa, na hiyo hiyo ndo kirusi kinazalianamo vizuri. Ukikaa ukaifikiria inaudhi kweli: anayelala anakufa, aliye macho anafanywa mtumwa. Kwenye panya waliopandikizwa kinga ya binadamu isiyo na CARD8, virusi vilikuwa vingi tu, lakini CD4 zilichelewa kuisha.

Ukinisoma vizuri utaona majibu mawili yanagongana kidogo. Kama ni mikasi ya mwanzo kabisa, efavirenz inayozuia kunakili ilizuiaje vifo kwenye mafindofindo? Kama ni vipande vya DNA, kwa nini panya wenye kinga isiyo na CARD8 CD4 zao zinachelewa kuisha? Mimi naona hakuna aliyedanganya. San Francisco walishatuonyesha pia kwamba CD4 zilizotolewa kwenye damu peke yake haziungui hovyo kama za kwenye tezi mpaka uzichanganye na za tezi, na kwamba kirusi kinachopita seli kwa seli kina nguvu ya kuua kuliko kinachoelea. Kwa hiyo mahali na namna ya kuingia vinabadilisha kengele ipi inalia. Ila ukiniwekea kisu shingoni nichague moja naenda na CARD8, na sababu yangu ni tumbili.

Ndiyo, tumbili. Huyu anayetuibia maembe. Tumbili wa Afrika wengi wana SIV, wanazaliwa na kuzeeka nayo, virusi kwenye damu yao vingi kiasi ambacho binadamu angeshalala kitandani, na hawapati UKIMWI. Kima wa Afrika Magharibi, mangabi wale ambao VVU-2 ilitokea kwao, vivyo hivyo. Miaka yote swali lilikuwa wao wana nini ambacho sisi hatuna. Kundi la Shan likaangalia CARD8 za nyani wa namna hii wenyeji wa kirusi, wakakuta imeharibika, ina mabadiliko yanayoifanya isilie. Hawana kitu cha zaidi yetu, wamepungukiwa na kengele! Kirusi kinaingia, seli haichomi nyumba, maisha yanaendelea. Tumbili wana ujanja mwingine juu ya huo, seli zao za CD4 zikikomaa kazini zinaivua ile protini ya CD4 usoni, ambayo ndo mlango wa kirusi, kirusi kinabisha mlango haupo, kwa hiyo siwezi kusema ni CARD8 peke yake. Ila nyani wa Asia, makaki, ambao si wenyeji wa SIV, wakiambukizwa wanaporomoka kama sisi.

Mjomba hapa alicheka mpaka kikohozi cha zamani kikarudi. "Kwa hiyo tumbili ana afya kwa sababu hana akili ya kuogopa."

Sasa turudi kwenye 214, maana mpaka hapa sijamjibu. Virusi vimezimwa, hakuna mikasi mipya inayoingia, kengele kubwa imenyamaza. Kwa nini nyumba hazijengwi?

Kwa sababu mtaa wenyewe uliungua. Tezi si mfuko wa seli tu, ndani kuna wavu, nyuzi na seli za kushikilia, na CD4 inayopita humo inashika ule wavu na kunywa intalukini-7, chakula chake cha kuishi. Uvimbe wa miaka mingi unaleta makovu, kolajeni inajaa pale palipokuwa wavu, na Timothy Schacker na wenzake wa Minnesota walishaonyesha kuanzia 2002 kwamba kadiri makovu yanavyokuwa mengi ndivyo CD4 zinavyorudi kwa shida hata mtu akimeza dawa vizuri. Kovu halijui kama kirusi kimeondoka. Mjomba alikaa na kirusi miaka labda nane, labda kumi, anakijua yeye na Mungu wake, mpaka 38. Ongeza umri, anakaribia 60, na tezi ya kifuani inayozalisha CD4 mpya, thaimasi, kwa umri huo imebaki mafuta matupu.

Na kuna la kwetu zaidi hapo. Cissy Kityo na wenzake wa Kampala walichapisha 2018 kazi waliyoifanya na hao hao wa Minnesota, wakatoa vipande vya tezi kwa Waganda wa kujitolea, wakawachanja homa ya manjano. Hata wasio na VVU walikuwa na makovu kwenye tezi kuliko Wamarekani, na waliokuwa na wavu ulioharibika zaidi ndo chanjo haikuwashika vizuri. Minyoo, malaria, maji, vumbi, homa za utotoni, moto mdogo mdogo wa kila mwaka. Mjomba kakulia ziwani, kichocho na malaria kavijua kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo 38 yake haikuanzia kwenye mtaa mpya.

Watu wakisikia habari ya kaspesi wanauliza hapo hapo, si mtupe dawa ya kuzima kaspesi basi? Ipo ya majaribio, VX-765, ilishajaribiwa kwa watu wenye kifafa wakaivumilia, na kwenye mafindofindo yenye VVU ilizuia CD4 kufa na ikapunguza ule ujumbe wa uvimbe. Mpaka sasa si dawa ya VVU popote, na mimi nina wasiwasi nayo kwa mtu kama mjomba, kaspesi-1 ndo hiyo hiyo inayotusaidia na bakteria, na yeye katoka TB juzi. Bora kirusi kisiingie kabisa, na hiyo ndo kazi ya TLD. Kuna mtu aliniuliza kazini, dolutegravir iliyomo kwenye TLD si iko kundi moja na ile raltegravir iliyoshindwa kwenye sahani, sasa inasaidiaje? Inasaidia kwa sababu mwilini hakuna mtu anayemwaga virusi vipya kwenye sahani kila asubuhi. Viwanda vikikosa kujibandika hakuna kirusi kipya, bila kirusi kipya hakuna anayegonga dirisha. Kwenye sahani walikuwa wanatafuta kengele iko hatua gani, dawa ilikuwa tochi tu.

Ndo maana pia mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha likasema kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 ishuke, mimi wakati huo niliona ni siasa za wafadhili. Tulikuwa tunamwambia mtu CD4 yako 600 wewe nenda nyumbani, rudi ikishuka. Tulikuwa tunamwambia subiri mtaa uungue kwanza.

Sikumwambia mjomba hayo ya mwisho kwa maneno hayo, kulikuwa na mke wake anapepeta dagaa pale pembeni na wao wawili wana historia yao ya kwa nini hakupima mapema. Nilimwambia tu 214 si dalili kwamba dawa zimeshindwa, na septrini asiache kwa vile CD4 bado iko chini ya 350, na akikohoa zaidi ya wiki mbili asiende famasi, aende kliniki.

Akanifungia dagaa kilo mbili kwenye gazeti. Juzi katuma majibu mapya kwa simu, picha imepigwa kwa kutetemeka, namba ya mwisho imekatika. Inasomeka 23 halafu kidole.